WAIFAI HAIFIKI CHUMBANI? USIONGEZE KIFURUSHI, FUNGUA DROO!

Leo naomba mnivumilie, kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitema litanikaba. Siyo siasa, wala siyo Simba na Yanga. Ni hii intaneti ya majumbani kwetu huku pembezoni mwa jiji, Chamazi, Mbande, Mbagala na Toangoma, na kwa ndugu zetu wa upande ule wa Tegeta, Boko na Bunju. Nataka niseme waziwazi kwamba tunaliwa hela, na kibaya zaidi tunaliwa huku tunasema ahsante, kwa sababu ya maneno mawili tu: "Ongeza kifurushi."

Nianze na kisa chenyewe.

Mimi nimepanga Chamazi, chumba cha uani. Nyumba kubwa iko mbele, anakaa mama mwenye nyumba na familia yake, halafu kuna ua, halafu ndio vyumba vyetu wapangaji. Mama huyu ni mjane, anaishi kwa kodi zetu na genge lake la nyanya na vitunguu pale nje. Binti yake wa mwisho yuko kidato cha nne. Ni kwa ajili ya huyu binti mama alijikamua akaweka intaneti ya nyumbani, ili mtoto apakue mitihani ya miaka ya nyuma na kuangalia masomo ya fizikia kwenye YouTube. Sisi wapangaji tukaomba tuchangie gharama, akakubali, na kila mwezi tunatoa chetu.

Ruta ikawekwa sebuleni, dirishani kabisa, pale fundi alipoona mnara unasoma vizuri. Ukikaa sebuleni, raha mustarehe. Ukivuka korido kwenda chumba cha binti, vijiti vinapungua. Ukifika chumbani kwangu kule uani kinabaki kimoja, tena cha kubembeleza, ukigeuka kinaondoka.

Mama akapiga simu huduma kwa wateja. Jina la kampuni naliweka kapuni, maana sikuja hapa kugombana na kampuni moja, na nimesikia jibu lile lile kwa watu wengi. Akajibiwa kwa sauti tamu kwamba kifurushi chake ni kidogo kwa familia yake, apande cha juu yake. Akapanda. Hakikubadilika kitu. Akapiga tena, akaambiwa apande tena. Na mama wa watu akapanda tena! Miezi mitatu mfululizo pesa ya genge inaingia kwenye kifurushi, na chumbani kwa mtoto kiduara kinazunguka vile vile.

Jioni moja nimerudi kazini, napita sebuleni kutoa mchango wangu, namkuta binti amekaa sakafuni chini ya dirisha, daftari mapajani, sikio moja kwenye simu. Luninga inapiga taarifa ya habari, wajukuu wanagombania remoti. Nikamuuliza, mdogo wangu, mbona husomei chumbani kwako kwenye utulivu? Akasema, "Kaka, kule haishiki." Mama akadakia kutoka jikoni: "Mwanangu, si wewe ni mtu wa magazeti? Waandike basi hao watu. Mimi nimelipa mpaka pesa ya gesi nimeigusa."

Wadau, nilijisikia aibu. Siyo aibu kwa niaba ya kampuni, aibu yangu mimi. Nimesoma chuo kikuu, nashinda kwenye kompyuta, nimelalamika miezi mitatu pamoja na wapangaji wenzangu, na hata siku moja sikuvuka ule ua kwenda kuangalia tatizo liko wapi. Na chini ya kitanda changu kulikuwa na boksi lenye ruta ya zamani, niliyoiacha nilipohama mtandao, imejaa vumbi.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo kila mtu wa huduma kwa wateja angepaswa kumwambia mteja alifanye kabla ya kumwuzia chochote. Nilisimama hatua mbili kutoka kwenye ruta ya sebuleni, nikapima spidi kwa simu. Ikaja megabiti 18 kwa sekunde. Nikaenda chumba cha binti nikapima tena kwa simu ile ile. Ikaja 3. Nikaenda kwangu uani. Ikaja moja na chenji.

Hebu tafakari hapo. Intaneti imeingia ndani ya nyumba ikiwa 18. Imetoka mnarani salama, imepita dirishani salama, imefika sebuleni salama. Imekuja kufia koridoni! Sasa niambie, ukimwuzia mama huyu kifurushi cha 30 au 50, ule ukuta wa koridoni utasoma risiti ya malipo na kusogea pembeni?

Ni sawasawa na maji. Kama kwenye mita ya DAWASA maji yanatoka kwa nguvu, lakini bomba la kwenda bafuni limeziba, utalipia presha zaidi au utazibua bomba? Mtoto wa darasa la tatu anajua jibu. Lakini kwenye intaneti tumekubali kudanganyika, kwa sababu tumeaminishwa kwamba waifai na intaneti ni kitu kimoja. Siyo kitu kimoja! Intaneti ndiyo huduma unayolipia, inayokuja kutoka nje. Waifai ni redio ndogo iliyo ndani ya ruta, inayokutolea hiyo huduma sebuleni mpaka kwenye simu yako. Ya kwanza ni mali ya kampuni. Ya pili inategemea nyumba yako.

Na nyumba zetu tunazijua. Huku kwetu hatujengi kuta za mbao na jasi kama zile za kwenye filamu za Marekani. Tunajenga kwa tofali la saruji, tena likapigwa plasta pande zote mbili. Madirishani tunaweka nondo, milangoni mageti ya chuma, juu bati. Ukutani tunasimamisha friji na kabati lenye kioo kikubwa, na uani tunaweka tangi la maji. Vyote hivi ni maadui wa mawimbi ya waifai. Zege linayanyonya, chuma na kioo cha kujitazamia vinayarudisha yalikotoka, na maji nayo yanayanyonya. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yanajitahidi kidogo kupenya ukuta. Yale ya gigahezi 5 yana kasi zaidi ukiwa karibu, lakini ukuta wa pili tu yameshaishiwa pumzi.

Na hapa nigusie utapeli mwingine mdogo mdogo. Kuna watu wanaona jina la waifai yao limeandikwa 5G mwishoni, wanaamini wamepata mtandao wa kizazi cha tano, na wapo wauzaji wanaowaacha waamini hivyo. Ile mara nyingi ni gigahezi 5 ya ndani ya nyumba, haina uhusiano wowote na 5G ya mnarani. Ukiwa chumba cha mbali, ile unayoidhani kubwa ndiyo inayokuangusha. Rudi kwenye 2.4.

Sasa sikilizeni kiini cha hoja yangu, maana hapa ndipo huku pembezoni tunapotofautiana na wenzetu wenye nyaya za faiba mpaka mlangoni. Wengi wetu tunatumia ruta za laini, zinazovuta mtandao kutoka mnarani. Ruta ya namna hii ina mabwana wawili. Bwana wa kwanza ni mnara, anataka ruta ikae dirishani, juu, upande unaoelekea mnara. Bwana wa pili ni wewe mwenye nyumba, unataka ruta ikae katikati, koridoni, ili kila chumba kipate. Ukiipeleka katikati inapoteza mnara. Ukiirudisha dirishani inapoteza vyumba. Ruta moja haiwezi kuwatumikia mabwana hawa wawili kwenye nyumba ya tofali, hata uilipie kifurushi cha ikulu!

Dawa yake ni ruta mbili. Moja ibaki dirishani iongee na mnara. Ya pili ikae koridoni iongee na vyumba. Katikati yao pitisha waya. Basi. Na hiyo ya pili huna haja ya kuinunua. Ninyi wenyewe mnajua mlivyohama mitandao, mara ofa hii, mara ofa ile, kila ukihama unapewa ruta mpya na ile ya zamani inaingia kwenye droo. Nawahakikishia kuna droo huku zina ruta mbili mbili.

Najua mtaniambia, "Lakini ile ya zamani imefungwa kwa mtandao wa zamani." Ndiyo, imefungwa. Lakini kilichofungwa ni upande wa laini, yaani haikubali kadi ya mtandao mwingine. Upande wa waifai na matundu ya waya mara nyingi haukufungwa. Kwa kazi hii hatuihitaji laini yake kabisa, itoe hata ile kadi. Tunachohitaji ni redio yake na tundu moja la waya. Tumekuwa tukiviita vifaa hivi vibovu wakati ni vizima, vimezuiwa tu kuongea na mnara wa jirani.

Jinsi ya kufanya ni hivi, na ninaandika taratibu ili hata ambaye hajawahi kugusa mipangilio afuate.

Kwanza hakikisha ruta ya ziada ina tundu la waya wa mtandao. Vile vidude vidogo vya betri vya kutembea navyo mfukoni, kama havina tundu, kwa njia hii havifai. Hakikisha pia una adapta yake. Kama umeipoteza, adapta nyingine lazima iwe na volti zile zile zilizoandikwa kwenye ruta, 9 kwa 9, 12 kwa 12, ampea zisipungue, na ncha iwe na chanya na hasi upande ule ule. Ukikosea hapo utaiunguza, usije ukanilaumu.

Pili, isafishe kumbukumbu. Nyuma kuna kitundu cha kuchokoa kwa sindano, bonyeza sekunde 10 hivi mpaka taa zizime na kuwaka upya. Ikishawaka, unganisha simu au kompyuta yako na hiyo ruta peke yake, fungua ukurasa wake wa mipangilio. Anwani na paswedi viko kwenye kijikaratasi kilichobandikwa chini yake, mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Tatu, paswedi, jina na chaneli. Jina la waifai na paswedi yake vifanye sawasawa na vya ruta kubwa, usalama uweke WPA2, ili simu ihame yenyewe ukitembea. Chaneli iwe tofauti na ya ruta kubwa. Kwenye 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11, kwa hiyo kama kubwa iko 1, hii ipe 6 au 11. Paswedi ya ukurasa wa mipangilio nayo badilisha, usiache ile ya kiwandani.

Nne, na hapa ndipo wengi wanapokwama, ruta mbili ndani ya nyumba moja zisigombee uongozi. Kama kubwa ina anwani 192.168.1.1, hii ndogo ipe 192.168.1.2. Halafu tafuta sehemu iliyoandikwa DHCP, uizime. Hiyo ndiyo kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta, na mgawaji awe mmoja tu, yule wa dirishani. Ukiwaacha wote wawili wagawe, leo itafanya kazi, kesho itagoma, na utaanza kusema umerogwa. Hifadhi mipangilio yako. Kuanzia hapo ukitaka kuingia tena kwenye ukurasa wake utatumia ile anwani mpya.

Tano, vuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kubwa mpaka tundu la LAN la ruta ndogo. Narudia, LAN kwa LAN. Tundu la WAN la ruta ndogo liache wazi. Ruta nyingine zina hali ya AP kwenye mipangilio, ukiiona ichague, yenyewe itafanya sehemu kubwa ya kazi hii, na waya uchomeke pale itakapokuelekeza. Waya wa namna hii unaweza kwenda mpaka mita 100, sasa niambie nani huku kwetu ana korido ya mita 100?

Mimi nilinunua waya wa mita 25 Kariakoo, pamoja na vichwa vyake kubanwa, kwa pesa pungufu ya kile mama alichokuwa anaongeza kwa mwezi mmoja. Nilimwomba fundi wa mtaani anisaidie kuupitisha juu ya dari, mbali na nyaya za umeme. Ruta yangu ya vumbi tukaibandika mwisho wa korido, karibu na mlango wa uani. Jumamosi moja asubuhi kazi ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Nikapima tena. Chumba cha binti, 17. Chumbani kwangu uani, 12. Kifurushi? Mama alirudi kile cha kwanza kabisa, cha chini. Bado kinatosha, na chenji imerudi kwenye gesi.

Sasa najua wabishi mpo, na mimi nawapenda wabishi. Nijibu hoja zenu mapema.

Hoja ya kwanza: si kuna vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyorusha mawimbi mbele bila waya? Vipo, na ruta nyingine za zamani zinaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Lakini kidude chenye redio moja kinasikiliza kwa redio ile ile kinayosemea, kwa hiyo kasi inakatika karibu nusu. Halafu watu wanakichomeka chumbani ambako mawimbi yameshakufa, sasa kitarusha nini? Ukishindwa kabisa kupitisha waya, kiweke nusu ya njia, mahali ambapo waifai bado ina nguvu. Lakini waya ndio mfalme.

Hoja ya pili: umeme. LUKU inauma, wote tunajua. Hebu tupige hesabu. Ruta ikila wati 10 saa 24 kwa siku 30, ni yuniti 7 na kidogo kwa mwezi, na nyingi zinakula pungufu ya hapo. Linganisha mwenyewe na pesa ya kupanda kifurushi.

Hoja ya tatu ni ya maana, na sitaki kuipuuza: ruta za zamani si salama. Kweli. Ruta ambayo kiwanda kimeacha kuipelekea maboresho ina matundu ambayo wezi wanayajua. Ndiyo maana nimesema ikae ndani, nyuma ya ruta kubwa, isiongee na mtandao wa nje moja kwa moja. Kile kibonyezo cha kuunganisha bila paswedi, WPS, kizime. Na kama ruta ni ya zamani mno kiasi kwamba usalama wake mkubwa ni WEP, hiyo usiitumie hata kwa bure, WEP ilishavunjwa tangu 2001. Ruta za kiwango cha n, kilichopitishwa 2009, na za baadaye, hizo ndizo ninazozisemea hapa.

Hoja ya nne: labda kweli tatizo ni la kampuni. Inawezekana kabisa! Na ndiyo maana nimesema pima kwanza ukiwa karibu na ruta. Ikiwa hapo hapo kando yake spidi ni mbovu, asubuhi, mchana na usiku, siku kadhaa, basi ruta ya pili haitakusaidia kitu. Jumapili ile ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, ungekuwa na ruta kumi ungebaki unatazamana nazo. Tatizo likiwa la nje, andika vipimo vyako na tarehe, peleka malalamiko kwa kampuni, ukipuuzwa nenda TCRA, na kuna Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano lililoanzishwa na sheria ya TCRA ya 2003 kwa ajili yako. Lakini mtu anayekwenda na vipimo anasikilizwa tofauti na anayekwenda na hasira tupu.

Na msije mkasema nawafundisha watu kuuza intaneti mtaani. Hiyo ni biashara na inahitaji leseni. Mimi naongelea nyumba moja yenye geti moja.

Sasa nirudi kwa wanaonikera.

Wa kwanza ni kampuni zote zenye mchezo huu. Haiwezekani mteja apige simu kulalamika, na jibu la kwanza kwenye karatasi ya mhudumu liwe ni kuuza. Swali la kwanza lingetakiwa kuwa, "Mama, uko umbali gani kutoka kwenye ruta?" Swali hilo halina gharama, lakini pia halina kamisheni. Mimi simlaumu yule dada wa kwenye simu, anasoma alichoandikiwa. Namlaumu aliyeandika.

Wa pili ni mafundi wanaokuja kufunga. Fundi anakaa dakika 10, anapima hapo hapo dirishani, anapiga picha, anaondoka. Chumba cha mwisho hakanyagi. Ungekuwa unafunga bomba ungeondoka kabla hujafungua koki ya bafuni?

Wa tatu ni wanaozifunga ruta zikubali laini moja tu, halafu wanatushangaa tukizitupa. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na hazikufika robo zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo, kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za 2021. Safi sana. Lakini ruta nzima inapogeuzwa takataka kwa sababu tu mteja kahama mtandao, hiyo taka imetengenezwa makusudi, na mwisho wa safari ni kijana wa vyuma chakavu anayechoma nyaya apate shaba, na moshi tunauvuta wote.

Kwamba mambo yanaweza kuwa tofauti, ushahidi upo. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ya Marekani ilibanwa na watumiaji ikatoa wazi programu ya ndani ya ruta yake ya WRT54G, kwa sababu ilikuwa imetumia programu huria za Linux na masharti yake yanadai hivyo. Kutokana na hapo, 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao mpaka leo unazipa ruta za zamani programu mpya. Kifaa kile ambacho kiwanda kimekitelekeza, watu wa kujitolea wanakihudumia bure. Ruta yako inaweza kuwa kwenye orodha yao, ukiwa na kijana mjuzi mwambie aangalie.

Na wa nne, wadau, ni sisi wenyewe, vijana tuliosoma. Tuko wengi huku Temeke na Kinondoni. Tunajua kuandika CV zenye maneno makubwa ya teknolojia, lakini mama zetu, mashangazi na wajomba wanalipia kuta. Mwezi uliopita nilikwenda Bunju kwa mjomba, nyumba ya ghorofa, faiba imeingia chini, juu haifiki. Ameshaambiwa na watu wawili aongeze kifurushi. Mmoja kati ya hao wawili ni mwanawe, ana shahada ya kompyuta! Nilimwomba mjomba anifungulie kabati la chini ya luninga. Ruta mbili nzima, moja bado ina plastiki yake ya juu.

Nilikuwa shule ya msingi mkongo wa SEACOM ulipowashwa Dar es Salaam, Julai 2009. EASSy ukafuata 2010. Wakubwa wanasimulia jinsi kabla ya hapo intaneti ilivyokuwa ya setilaiti, ya kulipia kwa saa kwenye vibanda vya mjini. Watu wamelaza nyaya chini ya bahari maelfu ya kilomita, nchi ikavuta mkongo wa taifa, minara ikasimama mpaka Mbande. Safari yote hiyo, halafu ije ishindwe hatua kumi za mwisho, kutoka sebuleni hadi kwenye daftari la mtoto wa kidato cha nne? Na tukiuliza, tunaambiwa tulipe zaidi?

Mimi nakataa. Wikiendi hii fanya mambo mawili. Pima karibu na ruta, pima chumbani. Halafu fungua droo. Na ukimaliza kwako, vuka ua, mwulize jirani yako anashika ngapi.

Binti wa mama mwenye nyumba sasa anasomea chumbani, mlango kaufunga. Juzi usiku saa tano nimepita nikasikia anabishana na video kuhusu sheria ya Ohm. Wajukuu wamebaki na remoti yao.

Naomba kuwasilisha.